Yatima wa Alhamisi

Dada yangu,

Sisi wazima, na bomba la jikoni limetengenezwa. Umeuliza habari za kitinda mimba wetu. Siku hizi ni mshairi. Kila Alhamisi pale baa, watu wazima wanapanda jukwaani, wanafumba macho na kulilia mambo ambayo hayajawapata, na wateja, badala ya makofi, wanapiga vidole kama wanaita mbwa.

Yeye husoma shairi la kumzika mama. Mama huyu huyu ninayemwogesha kila asubuhi, ambaye mwanawe huyo hajaja kumwona tangu uondoke.

Wiki hii nikampeleka mama, ili mtu aaibike. Ni mashindano, na waamuzi wao ni wateja wageni, basi mwenye kipaza sauti akampa mama kibao cha kuonyeshea alama, nami nikamshikisha vizuri. Kijana alimwona, lakini akaendelea kuzika. Mama akalia, akainua kumi.

Njiani kurudi nilimuuliza mama kama alimtambua kijana. Akasema, "Maskini, yule mtoto hana mama. Mwambie awe anakuja kula kwetu."

Sijamwambia. Mwambie wewe, mimi mkono unaniwasha kumzaba kofi.

Mdogo wako, niliyebaki nyumbani