Chupa ya Kisimani

Mjukuu wangu, Mama Maswali,

Pokea salamu zangu kwanza, ugomvi utafuata. Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tu wazima wa kusimama, ila goti langu la kushoto limeota kiburi, halipokei amri. Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu wa darasa la tatu. Binti wa jirani alitaka kuniandikia nikamkatalia. Haya si ya kupita kinywani mwa mtu. Simu nayo iko mfukoni mwa mjomba wako, hanipi. Herufi zikilala, zinyanyue usome.

Nina neno na wewe. Barua yako ilikuwa kurasa mbili na hukuniuliza hata kama nakula. Seli, seli, seli, kama mtu aliyeolewa nazo. Nilikuelewa, usidhani mimi gogo. Ulisema mnafuga vichembe vya ini la mtu kwenye visahani, mnavitonesha dawa ya magugu kidogo sana, kiasi kisichoua, kisha mnavitazama siku baada ya siku. Ukasema havifi, vinachoka tu, vinajaa mafuta, kazi yao vinaifanya kivivu. Nikacheka, nikasema kumbe ini la maabara lina tabia za mjomba wako.

Huyo mjomba wako sasa. Barua ilipofika aliisoma uani kwa sauti ya mnadani. Alipofika pale uliposema zile chupa mbili za maji nilizokutumia, ya kisimani na ya tangi la mvua, zimetoa majibu sawasawa, seli hazikudhurika, alirudia mara tatu, akasema msomi wa familia amemtetea. Ulikuwa umetukataza maji ya kisima mpaka yapimwe, kwa kuwa kisima kiko bondeni, chini ya shamba analopulizia dawa hiyo ya magugu. Siku hiyohiyo tukarudi kisimani, maana tangi lilikuwa limebaki tope. Naye akabeba bomba lake mgongoni, akapulizia dawa mpaka ukingoni mwa kisima, mahali ambapo zamani aliogopa macho yangu.

Tangu hapo situlii. Nikiketi nasimama, nikisimama nasahau nilichosimamia. Kitinda mimba wa mjomba wako na mkewe ana miezi minane, na kila anacholishwa kinapikwa kwa maji hayo. Basi kila ndoo ikiingia, naipiga teke. Mara nimejikwaa, mara nimeona mjusi ndani. Mkaza mwanangu alivumilia siku nne. Ya tano akamwambia mumewe kwamba mama ameanza kupotewa na akili. Sasa ndoo zinafungiwa chumbani kwao. Mimi, niliyemwonyesha huyo jinsi ya kumshika mtoto akiogeshwa, leo nafungiwa maji! Jana nikameza kiburi, nikamwambia mwanangu ukweli wote, huu utakaousoma hapa chini. Alinitazama kama anavyotazamwa mgonjwa. Akasema nimezoea kumchukia yeye na dawa yake, na kwamba barua ya maabara ina muhuri, mimi sina muhuri.

Ukweli wenyewe ndio huu. Ulipoacha vile vichupa viwili vyeusi, nilishuka kisimani kama ulivyoagiza. Nikachota. Yakaja maji ya rangi ya chai ya jana, yana utando juu, yananuka kama lile bomba. Nikaona haya. Nikawaza wenzako wa makoti meupe watayainua kwenye taa, kisha wakuulize umelelewa kwa matope gani. Mtu hampi mgeni maji machafu. Ndivyo nilivyofunzwa, ndivyo nilivyokufunza. Nikayamwaga. Nikajaza vichupa vyote viwili kwenye tangi la mvua, nikafuta vifuniko kwa kitambaa safi, nikampa dereva wa basi. Ile karatasi yako iliyoandikwa kisima iliongopa. Mwongo ni mimi, niliyewachapa wanangu wote kwa uongo mdogo kuliko huo.

Najua nimekukata maini. Uliandika kwamba mkubwa wako amekusifu mbele ya watu kwa majibu hayo. Mwambie leo, kabla hajayapeleka mbali. Dereva atakayekupa barua hii atakupa na chupa. Safari hii ni kisima chenyewe, na uchafu wake, sijachuja. Lakini usingoje kupima. Seli zako zina siku zao za kutazamwa. Mtoto anakula leo. Mimi nabeba dumu moja kutoka kwa jirani kila asubuhi, mkaza mwanangu analipokea eti asinikere, kisha nusu yake anafulia nguo.

Mwandikie mjomba wako kwanza, na huo muhuri ugonge hata mara mbili. Usinipambe. Usiseme nilisahau, usiseme ni uzee, maana ukisema hivyo watanihurumia na kuendelea kunywa. Andika kwamba bibi ana akili zake zote, alidanganya.

Wasalimie wenzako wa maabara, na ule, umekonda. Dereva anapiga honi.

Ni mimi bibi yako,
mzaa mama yako.