Maji ya Anaeli na Kioo cha Gari

Jumatatu, 8 Julai
Nimezibua tena vitundu vya kurushia maji kwenye kioo cha mbele. Pini ya mke wangu imepinda. Mara ya tatu tangu mwezi uanze. Maji ya kisima hapa Kikwe yakikauka yanaacha ukoko mweupe, na huo ukoko ndio unaoziba. Vumbi la Julai nalo halina adabu. Leo mgeni niliyemtoa uwanja wa ndege kashuka pale Kikatiti kufuta kioo kwa kitambaa chake mwenyewe. Aibu gani hii! Bosi kapata habari. Ikitokea tena, gari anampa dereva mwingine.

Jumatano, 10 Julai
Nimetia sabuni ya vyombo. Povu! Nimeendesha kama mtu anayechungulia kwenye uji. Punda wa watu nimemkosa kidogo tu. Nimechoka.

Ijumaa, 12 Julai
Ngarenaro, duka la spea. Nimenunua maji ya kioo, ya bluu, lebo safi kabisa. Nikayatia palepale. Kufika kwa fundi Lomayani yameshakauka kiooni: ukoko uleule. Mtu kachota kisimani akatia rangi. Nimepigwa mchana kweupe. Lomayani kacheka hadi akakaa chini. Eti maji ya kisima yaliyotufanya meno yawe ya kahawia, pampu ya gari itapona vipi? Tia ya mvua, kasema, na tone moja la sabuni.
Ya mvua yapo nyumbani. Ila si yangu.

Jumapili, 14 Julai
Maji ya mvua kwenye simtanki ni ya binti yetu Anaeli. Ana miaka minne. Mimi na mama yake tunakunywa ya kisima, meno yetu yalishaharibika zamani, hatuna cha kupoteza. Meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi. Mama Anaeli anampimia kikombe kwa kikombe, yafike mpaka vuli.
Wao wamebaki kanisani, mazoezi ya kwaya. Nimechota lita tano. Nimejichukia, lakini nimechota.

Jumanne, 16 Julai
Kioo kinang'aa. Bosi kanisifu mbele ya wenzangu.

Jumapili, 4 Agosti
Leo nimechota mara ya nne. Mke wangu ana tabia ya kugonga tanki kwa ngumi asikie maji yamefika wapi. Kagonga. Katega sikio. Kagonga tena. Alipokwenda kwa jirani nikamimina ndani ndoo mbili ndogo za maji ya kisima, ili asishtuke.
Mpumbavu mimi. Sasa hata yaliyobaki nimeyaharibu.

Jumamosi, 10 Agosti
Wiki nzima mtoto kayanywa. Sijasema. Leo mama yake kaona ukoko kwenye birika la Anaeli. Akasema mifereji ya paa imeshika uchafu. Kapanda mwenyewe kuisugua, asubuhi mpaka saa nane, vidole vikachubuka. Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi. Nimeshika ngazi tu! Sina hata jina la kujiita.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimemwomba bosi atununulie maji ya kioo ya kweli, yale wanayotumia wenye magari ya watalii. "Kumbe ni hilo tu? Si ungesema." Kaagiza boksi zima.
Mwezi mzima niliogopa kuonekana msumbufu. Nimekaa garini nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Jumanne, 13 Agosti
Nimemwambia mke wangu. Yote. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

Jumatano, 14 Agosti
Baridi, mlima haujaonekana siku nzima. Tumefungua bomba la tanki, maji yakaenda kwenye migomba. Shemeji yangu wa kule juu atatugawia maji yake ya mvua mpaka mvua zirudi. Mke wangu ndiye aliyekwenda kuomba.
Anaeli kauliza kwa nini tunamwaga maji yake. Nikamwambia yatamharibia meno, yatakuwa kama ya baba. Kaniangalia mdomoni muda mrefu. Kisha akatabasamu, akasema naye anayataka kama ya baba, akakimbia ndani kuleta kikombe chake.
Mama yake akamshika mkono. Mimi nikabaki nimeinama pale bombani mpaka maji yakaisha.