Kioo Kisicho na Moto

Pemba, Msumbiji, 2 Juni 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi na wanangu tu wazima, sijui wewe na kifua chako. Simu ya huko Palma haishiki siku hizi, basi nakuandikia. Jirani yako Cristina akusomee.

Tangu niliposikia shuka lilishika moto kwenye jiko la mkaa, na wewe hukuliona mpaka majirani walipopiga kelele, sina raha. Nilikwambia uhamie kwangu, ukakataa. Haya. Nimempa dereva wa basi la huko jiko la umeme, la kioo, wanaliita indução. Halina moto wala makaa. Linataka sufuria ya chuma. Ndani ya boksi nimetia sumaku: ikinasa chini ya sufuria, hiyo inafaa. Hili haliunguzi, Baba. Ila ukishindwa nalo, nakuja kukuchukua.

Mwanao,
Laila

Palma, 15 Juni 2025

Mwanangu Laila,

Salamu zako zimefika. Kifua kimetulia, alhamdulillah. Habari za wajukuu?

Sumaku ilizikataa sufuria zote za marehemu mama yako isipokuwa ile nzito ya kukaangia samaki. Nikapika wali, ukaiva vizuri. Nikaipua, kisha nikapapasa kioo nitafute pa kuzimia, maana ulisema haliunguzi. Kiganja kizima kimetoka malengelenge.

Nilitaka kukuficha. Cristina akaweka kalamu chini: "Mzee, mimi uongo siandiki." Ndiyo maana umejua.

Jiko nimelifunika gunia. Umeshinda, mwanangu. Njoo unichukue.

Baba yako

Pemba, 21 Juni 2025

Baba,

Shikamoo, na pole sana. Nimeisoma barua yako nikalia ofisini mbele za watu. Kosa ni langu, si lako. Kioo hakiwaki, lakini sufuria ya moto hukiachia joto lake. Ukishaipua usikiguse, kula kwanza, umalize, ndipo ukifute.

Mwambie Cristina adondoshe gundi pembeni, kwenye alama: tone moja pa kuwashia, mawili pa kuzimia. Ikikauka utaisikia kwa kidole. Zima kabla ya kuipua. Kijiko wala kisu usikilaze juu yake. Mikono iwe mikavu, na waya ukae mbali na ndoo ya maji.

Nimeomba ruhusa kazini, nafika tarehe 20 Julai. Ukitaka kuondoka, tutaondoka pamoja. Ukitaka kubaki, sitakulazimisha tena.

Mwanao,
Laila

Palma, 12 Julai 2025

Mwanangu Laila,

Hamjambo huko? Mkono umepona. Usishangae mwandiko, leo anaandika Henrique, mume wa Cristina. Cristina amejifungua mtoto wa kike Jumatatu. Mama yake yuko Mueda, bado hajapata usafiri, na huyu Henrique hata chai hajui kupika. Anasema sentensi hiyo tuifute. Nimemwambia aiache.

Basi uji wa mzazi naupika mimi. Siku ya kwanza nilikaa mbali nasikiliza maji tu. Leo siku ya tano, nawasha na kuzima bila kuuliza mtu, na hakuna kilichoungua, si mimi wala uji.

Jana Henrique alinishika mkono mpaka kwao, mimi nimebeba bakuli. Cristina akanywa lote, akasema, "Mzee, niongeze."

Laila, tangu macho yalipozima, watu wananiletea chakula. Hakuna aliyewahi kuniambia nimwongeze.

Njoo hiyo tarehe ishirini. Uje na njaa, ukae siku zako, kisha urudi kwa wanao. Mimi nabaki.

Baba yako