Kosa Langu ni Kuomba Radhi

Shoga, pokea simu! Nina hasira za kupasuka!

Unakumbuka ngazi iliyoniponyoka mwezi uliopita nikipaka rangi, ikavunja kioo cha gari la yule bibi jirani? Watu wa bima wamekataa kulipa.

Na bima yenyewe ya mafundi niliikata kwa ajili ya ajali za aina hiyo hiyo!

Unajua sababu? Eti niliomba radhi.

Niliomba radhi!! Bibi wa watu katoka mbio, mikono ina povu la sabuni, nikamwambia, "Bibi yangu, nisamehe, kosa ni langu." Ulitaka nimkodolee macho tu? Na mjinga mimi, nikayaandika yote kwenye fomu yao.

Leo bwana wa bima ananisomea kwenye simu, "Ukurasa wa tisa wa mkataba, dada. Fundi haruhusiwi kukiri kosa bila idhini yetu."

Idhini! Yaani nimvunjie mtu mzima kioo, halafu nimwambie asubiri nipige simu ofisini niulize kama naruhusiwa kuwa na adabu?

Nimebishana naye mpaka koo limekauka. Mwisho akasema, "Samahani sana, dada, kwa usumbufu."

Nikamwambia, "Haya, na wewe umekiri. Lipa kioo."

Akanikatia simu.