Marahaba Isiyo Yangu

Lindi, Jumanne. Mvua imetishia tangu alfajiri na haikunyesha. Joto limebaki, na hasira yangu nayo imebaki.

Leo nimeitikia marahaba kwa mzee aliyenizidi miaka thelathini, na nimeona utamu.

Nianze na fomu. Ina mwezi mzima mezani kwangu. Nilipomaliza ubingwa wa macho nilidhani nimemalizana na madarasa, kumbe ikaja nafasi nyingine: miaka miwili Ulaya, kujifunza kupandikiza kioo cha mbele cha jicho. Jibu linatakiwa wiki hii. Nikienda, watu wa huku kusini hawatakuwa na wa kuwapasua macho mpaka nirudi. Nikibaki, jicho la mama yangu litabaki jeupe kama lilivyo.

Mama alikuwa anachoma korosho uani, mafuta ya ganda yakamrukia jichoni. Mimi nilikuwa masomoni Dar es Salaam. Ilikuwa ndiyo kwanza tumehamishiwa kijiji kipya, na mtu hakutoka bila barua ya mwenyekiti. Mwenyekiti wetu, Mzee Hemedi, alimwambia, "Mama wee, korosho haijamuua mtu. Maliza zamu yako shamba la kijiji, kisha njoo tuonane." Zamu ilikuwa siku nane. Alipofika hospitali, kidonda kilikwisha kula kioo cha jicho.

Mama alimsamehe. Hayo ni yake. Mimi sikusamehe.

Leo saa nne asubuhi wakaingia watu wawili chumbani kwangu, binti mbele, mzee nyuma ameshika ncha ya fimbo. Nilimjua kabla hajakaa. Hemedi. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, yameiva, hata nilipompungia mkono usoni hakupepesa.

Akanyoosha barua. Nani alimwomba barua? Siku hizi wagonjwa wanakuja tu, kutoka Nyangamara, kutoka Pande, na vikapu vyao. Lakini yeye hatoki bila ruhusa, na mwenye kutoa ruhusa hadi leo ni yeye. Basi amejiandikia mwenyewe: "Namruhusu Mwenyekiti Hemedi kwenda Lindi kutibiwa macho." Maneno yamepandana, muhuri umekaa kichwa chini. Niliisoma mara tatu. Ya mama ingechukua mistari hiyo hiyo miwili.

Sikumwamkia. Kwetu ni aibu kubwa, mdogo kumnyamazia mkubwa, lakini nilifunga mdomo makusudi. Yeye akangoja salamu, hakuisikia. Nadhani akaona moyoni mwake kwamba aliye mbele yake lazima ni mtu mzima kuliko yeye. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, daktari."

Binti yake akanitazama kwa mshtuko. Alingoja nimrekebishe baba yake.

"Marahaba," nikasema.

Mama angesikia angenifinya sikio mpaka litoke damu.

Nikawaambia warudi kesho. Walipotoka nikaivuta ile fomu. Mwezi mzima kalamu ilikuwa nzito, leo ikateleza. Jina, chuo, anwani. Nitamzungusha na kesho, kesho, mpaka niondoke. Kisha miaka miwili, Hemedi. Miaka miwili ya kupapasa ukuta ukitafuta choo. Nilicheka peke yangu, naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Kisha nikafika penye swali: kwa nini unaomba mafunzo haya?

Nilitaka kuandika jicho la mama. Mkono ukakataa, kwa sababu leo haikuwa kweli. Leo nilikuwa naondoka kwa ajili ya Hemedi. Alimzuia mama kutoka, na sasa ndiye angekuwa ameniruhusu mimi. Hapana. Barua yake siitaki hata hiyo.

Usidhani nimelainika, shajara. Nimefikiri tu vizuri zaidi. Kipofu utamlipiza nini? Hata uso wa mtu aliyedhulumiwa naye hauoni.

Alhamisi nitampasua, kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kumpasua mtu yeyote. Sitamwachia hata kisingizio cha kutoona vizuri. Safari yangu ni baada ya miezi mitatu. Jicho litapona, na miwani itakuwa imefika. Fomu nimeijaza sasa hivi, na penye lile swali nimeandika jina la mama.

Siku ya kuja kuchukua miwani, mama atakuwa ameketi kiti cha mbele yake. Mimi mwenyewe nitamvalisha Hemedi miwani, amtazame mama lile jicho mpaka atosheke. Kisha nitampa karatasi na kalamu, aandike: namruhusu mama huyu kwenda hospitali kutibiwa jicho. Kwa mwandiko ulionyooka.

Akimaliza, nitamwambia mimi ni mtoto wa nani, nami nitamwamkia shikamoo yake ninayomnyima leo. Tuone kama atakuwa na uso wa kuitikia marahaba.