Nimeshiba, Asante

Jumatano, saa kumi na mbili jioni. Mvua imenyesha Nakuru tangu mchana, na nguo nilizoanika jana bado zinatona maji. Kama umekuja kwa hii blogu kutiwa moyo, leo umepotea njia. Sina moyo wa kukugawia.

Mama yuko hospitalini. Na mimi ndiye niliyechelewa.

Wanaonisoma wanajua alianguka mwaka jana akavunjika nyonga. Kwangu hangekaa. Kwetu Magharibi mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, hata huyo mkwe awe mpole kama Ben wangu, ambaye alimbembeleza mpaka akachoka. Ndiyo tukampeleka kwa nyumba ya wazee upande wa Njoro. Pazuri, maua mlangoni, sakafu inang'aa. Nilijipongeza hata.

Kila nikienda nilikuwa napiga simu kwanza. Nilidhani ndiyo heshima. Jumapili hii simu ilizima chaji nikiwa kanisani, nikaenda tu hivyo, bila wao kupata muda wa kumwandaa.

Nilimkuta ameketi kwa kiti karibu na dirisha, amevaa sweta ya mtu mwingine, mbele iko nyuma. Kucha ndefu, nyeusi. Mama yangu, ambaye alikuwa anatukagua kucha kabla ya Sunday school! Kikombe cha maji kilikuwa juu ya kabati, mbali, mahali ambapo mtu asiyeweza kusimama anaweza kukiangalia tu. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Mimi nauza dawa za mifugo. Mkulima akinijia kutoka Molo aniambie ndama wake anaharisha, nitamwambia bana ngozi ya shingo, uachilie, uone kama itarudi haraka. Ikibaki imesimama, maji yameisha mwilini, kimbia.

Nilibana ngozi ya mkono wa Mama. Ikabaki imesimama.

Najua ngozi ya mzee imelegea, msiniambie. Nikamwambia atoe ulimi. Ulimi ulikuwa mkavu kama kitambaa. Nikamvua soksi na soksi ikakataa kutoka, imeshikana na kisigino. Harufu iliyotoka hapo sitaiandika.

Nilipiga kelele, wacha nikiri. Msichana wa zamu alikuja mbio, nitamwita Faith. Nikamtukana matusi ambayo sikujua bado ninayo. Alisimama tu, mikono kwa aproni, akangoja niishiwe na pumzi.

"Madam, huyu shosho, mama yako, ndiye mpole kuliko wote hapa," akasema. "Hasumbui mtu. Shida yake ni chakula. Nikimuuliza kama atakula, ananiambia, 'Nimeshiba, asante.' Hata maji anakataa."

Akaniletea kitabu. Asubuhi, mchana, jioni: amekataa. Amekataa. Amekataa. Mwandiko safi kabisa.

"Na ukimuuliza mara ya pili?"

"Mara ya pili? Si amesema ameshiba?"

Woi, Mama yangu.

Mnaojua mnajua. Mama alilelewa na watu ambao hawakimbilii chakula cha wenyewe. Ukikaribishwa, unasema nimeshiba. Mwenyeji anakuambia onja tu. Unasema hapana, asante. Anakuambia basi unanikataa mimi, na hapo sasa unavuta kiti. Kukubali mara ya kwanza ni ulafi. Alitufinya masikio kwa hilo tukiwa wadogo, tukienda kwa majirani pale kota za reli.

Alikuwa mgeni pale miezi yote hiyo. Mgeni mwenye adabu, anangoja kubembelezwa, na sahani inaondoka.

Nilitaka kumchukia Faith na nimeshindwa. Yuko peke yake na wazee wa upande ule wote, anawalisha, anawageuza, anafua. Ambaye hajazaliwa kwetu angejuaje? Wenye nyumba wanaomwachia kazi hiyo yote, hao nawachukia vizuri.

Lakini mimi nimezaliwa kwetu.

Hiyo ndiyo inaniua. Kila Jumapili nilikuwa namuuliza, "Mama, wanakutunza?" Anajibu, "Wananitunza sana, mwanangu." Mara moja tu. Sikurudia. Mimi, niliyefinywa masikio, nilijua kabisa jibu la kwanza si jibu. Nililichukua kwa sababu lilinifaa. Nilikuwa nataka kurudi nyumbani nikiwa na amani, nipike, nilale.

Jioni hiyo tukamkimbiza hospitalini. Daktari wa wodi hakuzunguka mbuyu. Kidonda cha kisigino kimefika kwa mfupa, figo zimechoka, damu imeingia uchafu. Aliuliza, "Mlikuwa mnamtembelea?" Nikasema kila wiki. Akaandika. Leo asubuhi aliniita kando akaniambia niwaite watu wetu waje wamwone.

Mchana nikampelekea uji wa wimbi kwa thamosi, mwembamba, wenye ndimu, venye anapenda. Alikuwa macho. Nikamimina kwa kikombe nikamkaribisha kama mtu mwenye nyumba.

"Nimeshiba, asante," akasema.

Karibu nicheke. Nikasema, "Onja tu, Mama. Nimeupika mimi mwenyewe."

"Hapana, mwanangu. Asante."

Nikapiga magoti kando ya kitanda, na wageni wa wagonjwa wengine wananiangalia. Nikamwambia, "Basi unanikataa mimi."

Alifungua macho vizuri. Akanyoosha mkono akaugusa kikombe kwa vidole, pole pole, vile mgeni hugusa chakula asichoweza kula ili mwenyeji asione vibaya.

"Sikukatai," akasema. "Sasa nimeshiba kweli."

Nilibaki pale na kikombe mkononi mpaka nesi akaniambia saa ya kuona wagonjwa imeisha.

Ben ameweka chai hapa karibu nami na imepoa. Mama alinifundisha kubembeleza mgeni mara tatu. Ya nne husemwaje? Hakunifundisha, na kesho nitaenda pale bila kuijua.