Alama za Koleo kwenye Mkufu wa Claudine

Gisenyi, Alhamisi, Julai 1998

Bado nina hasira. Koleo langu nililifunga kitambaa mdomoni ili meno yake yasiung'ate waya. Leo mume wangu amekifungua, akang'olea misumari, kisha akalirudisha bila kitambaa. Mi sikutazama. Nikakunja waya wa shaba, na mkufu wa harusi ya mdogo wangu Claudine ukajaa alama.

"Bon, Mama Aline, ni kidogo tu. Nani ataona?" mume wangu akasema.

"Claudine ataona. Hana mama wa kumuvalisha, iko na mi tu."

Nimesugua kwa msasa mpaka vidole vinauma, alama hazitoki.

Kesho navuka kwenda Goma kutafuta waya mwingine, kama mpaka utakuwa wazi. Mume wangu anataka kunisindikiza. Nimekataa.